Shughuli ya Himid

Maalim alipouliza nani atamwozesha Azza, mama yake, Bi Kazija, alimjibu kwamba ni yeye Maalim mwenyewe, kisha akaendelea kukunja vitambaa vya meza kana kwamba mambo yamekwisha. Bi Kazija ni dada mkubwa wa mama yangu, na mimi namwita mama. Siku hiyo nilikuwa nimetoka zamu, miguu imevimba, nimekuja kwake Queensbury kula na kujinyoosha kidogo kwenye kochi. Kazi yangu ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Nikimaliza huko huja kwa mzee wangu mwenyewe, ambaye hataki kuogeshwa, wala kulishwa, wala kuambiwa neno.

Maalim hakuliridhia jibu lile. Alikunywa chai yake taratibu, akaeleza kwa upole kama anayesomesha watoto. Baba wa binti amekufa. Babu alikufa zamani. Kaka hana. Basi haki ya kumwozesha ni ya ami yake, ndugu wa baba, na ami huyo yuko hai, tena yuko Hayes, mji huu huu. Akikataa bila ya sababu inayokubalika, hapo ndipo yeye Maalim ataozesha. Lakini lazima kwanza aulizwe. Na kama hapendi kuja, anaweza kumpa Maalim uwakala hata kwa simu, neno moja tu litatosha.

"Mtu huyo hatusemezani naye tokea wakati wa siasa," alisema Bi Kazija.

Mtu wa mbali akisikia hivyo atadhani ni uchaguzi uliopita. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne, mvua ya London inagonga madirisha, na wakati wa siasa anaoutaja Bi Kazija ni miaka ile ya mwisho ya Mwingereza kule Unguja, kabla ya uhuru na kabla ya Mapinduzi. Ugomvi huo unanizidi umri. Mara nyingine nikiwasikiliza wazee wetu hapa mjini huona kwamba waliacha kisiwani kila kitu, nyumba, makaburi ya wazazi, hata picha za harusi, lakini ule ugomvi waliukumbuka wakaupakia.

Azza alikuwa kwenye ngazi, anasikiliza. Alizaliwa Unguja lakini alibebwa mgongoni kuja huku, na Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi kuliko cha kusema. "Mum, just call him," alisema. "Neno moja tu, Maalim kasema."

"Jambo hili haliombwi kwa simu," alisema mama yake. "Na mie siendi."

Azza mwenyewe hakuwa na shida. Alimtaka kijana wake wa Kimombasa, fundi umeme, mpole, na nani wa kumwozesha lilikuwa kwake jambo la wakubwa. Shida ilikuwa ya Bi Kazija. Kuozeshwa na Maalim ilhali ami yupo mwendo wa basi, maana yake ni kwamba watu wa baba yake wamemkana. Wakwe wangeuliza, kwa adabu, na jibu lingekuwa lipi? Mtoto huyu ni mmoja, hana mwingine, na baba yake alikufa bila ya hata ndugu mmoja kumtia mkono kaburini. Bi Kazija hakutaka aolewe kama mtoto wa kuokotwa. Aozeshwe na watu wa baba yake, hilo ndilo alilolitaka mwaka huo, hakutaka jingine, na njia ya kulipata ilipita kwa mtu aliyemchukia kuliko wote.

Itabidi nieleze chuki hiyo, ingawa nimechoka nayo.

Himid, mumewe, alikuwa mwalimu wa skuli, na Khelef alikuwa kaka yake, karani wa forodha. Wazazi wao walikufa mapema. Khelef ndiye aliyemlea Himid, akamsomesha, akamnunulia kanzu za Idi kabla ya kujinunulia zake. Halafu ikaja siasa. Khelef akaingia Hizbu, chama cha jogoo, na Himid akaingia Afro, chama cha mahasimu wao. Asiyekuwepo hawezi kuamini watu walivyokuwa. Mtu wa Hizbu hanunui dukani kwa mtu wa Afro, na wa Afro hapandi basi la mtu wa Hizbu. Walisusiana kahawa, wakasusiana harusi, wakafika kususiana maiti, jirani anapita na jeneza na jirani amefunga mlango. Waume waliacha wake kwa sababu ya kadi ya chama. Mwingereza naye amekaa pembeni anapanga chaguzi, moja baada ya nyingine, na kila moja ikituacha wabaya kuliko iliyopita.

Harusi ya Bi Kazija na Himid iliangukia mwaka wa sitini na moja, mwaka mbaya kuliko yote. Nyumba ilikuwa Kikwajuni. Bibi harusi alikuwa ghorofani, amefunikwa, haruhusiwi kuonekana, lakini alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, akachungulia dirishani. Akamwona Khelef anakuja na kundi la watu wake, kanzu nyeupe, kofia za viua. Moyo wake ukatua, maana watu walikuwa wakisema kwamba hatakuja. Khelef akafika mlangoni, akainama, akavua kiatu kimoja. Mtu aliyekuwa nyuma yake akamsogelea sikioni. Khelef akasimama vile vile, mguu mmoja na kiatu na mmoja bila, kisha akakivaa tena kiatu chake, akageuka, akaondoka, na kundi lote likamfuata. Pilau iliyopikwa kwa ajili ya watu wale ilichacha ndani ya masufuria.

Bi Kazija amenihadithia habari hiyo mara nyingi, kila mara kwa sauti ile ile isiyopanda. Himid aliambiwa tu kwamba kaka yake hakuja. Hakuambiwa kuhusu kiatu. Bi Kazija alikiweka kiatu kile moyoni mwake, na nadhani ndicho kilichomuuma zaidi, kwamba mtu alifika mpaka pale akaona bora arudi.

Uhuru ukaja Disemba ya sitini na tatu, na baada ya mwezi mmoja yakaja Mapinduzi. Khelef alikuwa upande wa walioshindwa. Aliwekwa ndani, akatolewa, akaondoka na mkewe Bi Raya na mtoto wao, wakaishia London. Himid alikuwa upande wa walioshinda. Alipewa kiti wizarani na alikifurahia, sitasema uongo. Miaka haikupita mingi, rafiki zake wa chama wakaanza kuchukuliwa mmoja mmoja majumbani, na kutoka kisiwani kukawa kwa ruhusa. Akaomba ruhusa ya kwenda kutibiwa Dar es Salaam, na kutoka huko akapotelea Mombasa, na mwisho wake Bi Kazija akamfuata London na Azza mgongoni. Kwa hiyo aliyeshinda na aliyeshindwa wakawa wanavaa koti la aina moja na kungoja basi kwenye baridi moja. Ungedhani wangecheka pamoja. Hawakucheka.

Himid alisafisha ndege uwanjani Heathrow. Bi Kazija alipata kazi kwenye kiwanda cha chakula cha ndege, kupanga visahani: hapa mkate, hapa siagi, hapa kipande cha kuku. Miaka zaidi ya ishirini amewapangia chakula watu wanaosafiri dunia nzima, na yeye mwenyewe hajapanda ndege tangu ile iliyomleta. Himid alikuwa na masihara yake mabaya. Kila wakila kuku nyumbani alisema, leo tunakula Hizbu, na Azza mdogo akawa anadhani hizbu ni Kiswahili cha kuku.

Na hapa mjini waliendelea. Wa upande mmoja wakikodi ukumbi kila tarehe kumi ya Disemba kukumbuka uhuru, wa upande wa pili kila tarehe kumi na mbili ya Januari kukumbuka Mapinduzi. Tena Januari hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, wale wa kwanza wanasoma hitima kwa ajili ya watu wao waliouawa. Wengine wanapiga makofi na wengine wanalia, na wote wanataka sambusa. Sambusa zilikuwa za Bi Kazija. Alizikunja baada ya kazi akazipeleka dukani kwa Bhanu, Rayners Lane. Bhanu ni Mhindi aliyezaliwa Mji Mkongwe, Kiunguja chake kinakishinda changu, naye aliwauzia wote bila ya kusema ni za nani. Bi Kazija alijua zinakokwenda. Alisema tumbo halina chama, akaendelea kukunja.

Himid alikufa mwaka wa themanini na saba, moyo, kazini, akiwa amevaa kinga ya masikio. Watu walikuja. Hata baadhi ya wazee wa Hizbu walikuja, wakakaa wima kwenye viti wakaondoka mapema. Khelef hakuja. Hakuja msikitini, hakuja makaburini, hakuja hitimani. Bi Kazija aliweka kiti kimoja karibu na mlango siku zote tatu za tanga, hakumwambia mtu ni cha nani, na siku ya mwisho akakirudisha mezani mwenyewe.

Baada ya hapo alikutana na Bi Raya mara moja, dukani kwa Bhanu, mbele ya magunia ya mchele. Nilikuwepo. Bi Raya alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya. Alimshika Bi Kazija kifundo cha mkono, akafungua mdomo kusema kitu. Bi Kazija aliuchomoa mkono wake kwa nguvu hata vikuku vikalia, akatoka bila ya kuchukua alichokuja kununua. Njiani alisema, anataka kunitazama nilivyo mjane.

Na Bi Raya alipokufa, Ramadhani iliyotangulia harusi hii ninayoihadithia, habari ilitufikia mchana na maziko yalikuwa alasiri. Niliuliza kama tutakwenda. Bi Kazija alikuwa anachambua mchele. Alisema wao hawakuja kwetu, na akaendelea kuchambua.

Basi huyo ndiye mtu aliyeambiwa aende Hayes.

Hakusema atakwenda. Siku ya tatu baada ya Maalim kuja, alinipigia simu kazini, jambo asilolifanya kabisa, akaniuliza ni basi gani. Nilimwambia nitampeleka. Tulipanda kutoka Harrow, tukakaa chini kwa sababu magoti yake hayapendi ngazi. Alivaa buibui lake jipya na akawa ameshika pochi kwa mikono miwili njia nzima. Mimi nilikuwa nimesinzia mara mbili kabla ya Northolt.

Khelef alikaa ghorofa ya pili, kwenye jengo la matofali karibu na mfereji. Alitufungulia mwenyewe. Nilitegemea mtu mrefu, maana ndivyo alivyo kwenye hadithi, lakini aliyetufungulia alikuwa mzee aliyepinda, amevaa sweta juu ya kanzu. Alimtazama Bi Kazija, akasema karibuni, kama vile tulikuwepo wiki iliyopita. Akatupikia chai. Ilikuwa chai mbaya, maji na maziwa tu, ya mtu ambaye maisha yake yote alipikiwa. Kanga ya Bi Raya ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni.

Kwetu sisi, ukiingia kwa mfiwa, neno la kwanza ni pole. Hata kama umekuja kuomba, hata kama umekuja kugombana. Bi Kazija aliketi na pochi yake na neno lile halikumtoka. Niliona anavyolitafuta. Alitazama kikombe, akatazama kanga, akatazama mikono yake. Kulisema ni kukubali kwamba alitakiwa alete pole tangu Ramadhani na hakuleta. Khelef naye alingoja bila ya kumsaidia.

"Shemegi," alisema mwisho. "Raya, Mungu amrehemu. Sikuja."

"Hukuja," alisema Khelef.

"Na nyinyi hamkuja kwa Himid."

"Hatukuja."

Niliona aibu kuwa pale, niligeuka nikatazama dirisha. Baadaye Bi Kazija akaeleza alichokifuata, kwa maneno machache: Azza amechumbiwa, kijana ana dini na kazi, Maalim amesema haki ni ya ami yake. Akasema hamwombi aje. Amwombalo ni kumpa Maalim uwakala, neno moja, hata sasa hivi kwa simu. Khelef aliuliza kijana ni mtoto wa nani. Akauliza harusi siku gani. Akauliza Azza anafanana na nani, na Bi Kazija akasema anafanana na baba yake, pua na yote.

"Shughuli itakuwa wapi?" aliuliza.

"Nyumbani kwangu."

"Kwa Himid."

"Kwa Himid," alisema Bi Kazija.

Khelef aliitazama ile kanga mlangoni kwa muda. Halafu akasema, "Simpi mtu uwakala. Ntakuja mwenyewe." Alitusindikiza mpaka kwenye ngazi akafunga mlango wake.

Mimi nilifurahi, mjinga mimi. Kwenye basi nikamwambia, mama, si amekubali. Bi Kazija alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini mwezi unatufuata.

"Anakuja kunirudishia," alisema. "Maziko ya mkewe nimeyasusa. Atafika mlangoni, watu wote wamekaa, atageuka. Keshafanya mara moja."

Tangu siku hiyo hakupata raha. Alipika, akaosha mapazia ambayo yalikuwa safi, akapanga visahani vya tende kimoja kimoja kama anavyopanga vya ndege. Nilimkumbusha kwamba Maalim amesema akikataa ataozesha yeye. Akasema ndoa haiogopi, ndoa itafungwa. Anachokiogopa ni Azza kuwa juu na kusikia nyumba imenyamaza, kama alivyosikia yeye siku yake. Nikamwambia basi tuifanye msikitini. Akasema kwamba amechoka kukimbia, alikimbia kisiwa kizima na hapa hana pa kwenda.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya alasiri. Makochi tuliyatoa uani tukayafunika nailoni, na chini tukatandika mazulia na mito. Wanaume walijaa sebuleni hadi kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, ambako viatu vilikuwa vimerundikana. Wanawake walikuwa juu na Azza, hina imemkolea mikononi. Bwana harusi ameketi mbele ya Maalim, anatoka jasho, maskini. Nafasi moja ya kukaa ilikuwa wazi kando ya Maalim. Bi Kazija alikuwa amejitanda kanga, amesimama ndani ya mlango wa mbele, na mimi nimesimama naye kwa sababu niliogopa ataanguka.

Saa iliyosemwa ikapita. Maalim akakohoa. Mtu mmoja akaanza kusoma salawati ili kuziba kimya. Nilikuwa nimechoka hata hasira zangu zilikuwa zimechoka, na kitu pekee nilichokitaka ni kwamba mzee yule aje au asije, tujue.

Akaja. Alishuka kwenye gari peke yake, kanzu na koti jeusi, kofia ya viua ya zamani iliyopauka. Akapanda vidaraja viwili vya mlangoni, akaegemea mlango kwa mkono mmoja, akainama. Akavua kiatu kimoja. Halafu akasimama.

Bi Kazija alitoka nje, nami nikamfuata, akarudisha mlango nyuma yetu ili walio ndani wasisikie, akawa ana kwa ana naye.

"Khelef," alisema, "siku ile nilikuwa dirishani. Nilikuona. Kama unarudi, rudi sasa hivi, mtoto hajajua kama umefika."

Mzee aliinua uso. Nadhani kwa miaka yote ile hakujua kwamba bibi harusi alimwona. 

"Siku moja kabla ya harusi yenu," alisema, "walinikalia barazani, pale chamani. Wakanambia harusi ya Himid ni mkutano wa Afro, nami nakwenda kuwapigia makofi. Wakanicheka. Nikapandwa na mori. Nikaapa mbele yao, Raya kaachika talaka tatu nikihudhuria shughuli ya Himid, ya harusi au ya msiba. Kulipokucha nikaja hivyo hivyo, Kazija. Ndugu yangu yule, nimemlea mie. Nilishavua kiatu. Mtu akaninong'oneza, na Raya je? Na Raya alikuwa na mimba."

Talaka tatu hazina kurejea, kila mtu wetu anajua. Mume akishaapa hivyo na jambo likawa, mke si wake tena. Masheikh wangeweza kumtafutia njia, zipo njia, lakini ili upewe njia lazima umwambie sheikh ulichokifanya, na karani mzima wa forodha aliona haya kusema kwamba amemweka mkewe rehani kwa ajili ya jogoo. Hivyo akanyamaza. Wenzake wa barazani wakafa au wakatawanyika, na hakuna aliyebaki aliyejua ila yeye na Bi Raya.

"Raya alijua?" aliuliza Bi Kazija.

"Alijua. Himid alipokufa alinambia, nenda kamzike nduguyo, mie niache niachike, ntakaa kwa mwanangu. Akanitolea kanzu kabisa. Sikuweza kumwacha." Akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Na nisikudanganye. Kiapo kilinizuia shughuli tu. Kumpita Himid njiani nisimsalimu, hakuna kiapo kilichonituma. Hiyo ilikuwa yangu."

Bi Kazija alikuwa ameshika kanga yake shingoni.

"Basi sasa hakuna wa kuachika," alisema Khelef. Akainama tena, kwa tabu, akavua kiatu cha pili.

Nilisukuma mlango, naye akaviweka viatu vyake juu ya rundo la viatu vya watu, sawasawa, kisigino kwa kisigino. Bi Kazija alimzuia kwa mkono. Aliuliza kwa sauti ndogo kama Bi Raya alisema chochote, siku moja, kuhusu yale ya dukani kwa Bhanu. Khelef akasema ndiyo, alirudi akamhadithia. Raya alitaka kumwambia Kazija habari ya kile kiapo, amwambie lawama zote ni za nani.

"Akasema nini?"

"Akasema, kaninyang'anya mkono."

"Nilimnyang'anya," alisema Bi Kazija. Akampisha apite.

Ndoa ilifungwa. Khelef aliketi kwenye ile nafasi kando ya Maalim, akamshika mkono bwana harusi, na alipofika pale pa kusema, nimekuoza Azza binti Himid, sauti ilimkatika kwenye jina. Maalim akamngoja. Akalisema tena, Himid, na mara hii lilitoka zima. Juu wanawake wakapiga vigelegele, na Azza alikuwa anauliza kwa Kiingereza kama tayari, kama ameshaolewa sasa. Bi Kazija alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Hakupiga kigelegele. Alisikia jina la mumewe limetoka kinywani mwa ndugu yake mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu zama za Mwingereza, akaniambia nitazame pilau isije ikaungua.

Watu wakala. Khelef alikula kwa mkono, taratibu, akamaliza sahani. Alipoletewa sambusa aliiuma akatabasamu kidogo, akasema Raya alikuwa akimwambia tokea zamani kwamba hizi za Bhanu ni mkono wa Kazija. Wakazinunua na wakazila na hawakusema. Azza akashuka akambusu mkono ami yake, naye akamtazama pua ile, akashindwa kuendelea kula.

Wageni walipoanza kupungua, Bi Kazija aliniambia nimletee mkeka. Nikamuuliza wa nini, nyumba imejaa mazulia. Akasema mkeka. Nikaushusha kutoka juu ya kabati, ule ule tuliokalia tanga la Himid, akaniambia niutandike pale kwenye ukumbi wa kuingilia, kando ya viatu, kwa sababu kwengine kote kulikuwa na furaha. Akavua bangili zake za harusi akanipa. Akajifunika kanga kichwani, akaketi chini na magoti yake mabovu, miguu ameikunja upande, kama wanavyokaa wafiwa. Kisha akaniambia nimwite shemegi yake.

Khelef alikuja, akaona mkeka, akaelewa. Aliketi mbele yake, mgongo ukutani.

"Pole, shemegi," alisema Bi Kazija. "Nihadithie alivyokufa."

Juu walikuwa wanaimba. Mzee alianza kuhadithia tangu siku Bi Raya alipougua, dawa alizopewa, alichokitaka kula na alichokikataa, na Bi Kazija akawa anasikiliza na kuitikia pale panapoitikiwa, machozi yanamtoka na hayapangusi. Niliwapita na bangili mkononi, nikaenda jikoni kupasha chai.